Bilauri ya Magadi

Ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Mahindi ya msaada, magumu, yananuka gunia, na kitoweo ni sangara, ambaye watu wengi wa Musoma walikuwa bado wanamwogopa kwa mafuta yake. Sabuni hakuna, chumvi ya kutafuta kwa tochi, na betri za redio tulikuwaga tunazianika juani ziamke.

Binti yangu wa kwanza alikuwa kidato cha tatu. Mimi niliishia darasa la pili kule Butiama, lakini mtoto akisema jambo, nasikiliza. Siku moja nikamkuta jikoni anapasua betri zilizokufa, anachomoa vile vijiti vyeusi vya katikati.

“Unaniharibia nini tena?”

“Nataka kutoa umeme kwenye maji, mama.”

Akasimamisha vijiti viwili kwenye bilauri ya maji, akatia chumvi, akaunganisha betri nzima tatu. Mapovu yakapanda. Harufu ikatuchoma pua, tukakimbilia nje tunakohoa. Chumvi yangu ya wiki nzima!

“Jaribu magadi,” nikamwambia. “Tunalainishia kunde kila siku na hajafa mtu.”

Akatia magadi. Mapovu yakaja, harufu hakuna.

Akanieleza kwamba maji ni hewa mbili zilizoshikana, haidrojeni na oksijeni. Betri inazitenganisha, kila moja inang’ang’ania kijiti chake. Kisha akaondoa betri, akaunganisha kipimo cha umeme chenye mshale alichoazima shuleni. Mshale ukaruka! Hewa zile zinarudiana ziwe maji tena, na katika kurudiana ndimo umeme unamotoka.

“Kama mtu na mkewe waliotenganishwa na mawifi,” nikasema. Alicheka mpaka akakaa chini.

Alisema mashine za namna hiyo zinazotengenezwa viwandani zina utando mwembamba katikati na vibao vilivyopakwa platini, madini ya bei mbaya, na hewa zinalishwa bila kukoma. Hapo nikaelewa. Ni jiko: ukiacha kutia kuni, linazima. La kwetu lilizima upesi.

Mwalimu wake wa sayansi akasikia, akaja nyumbani, akaona.

“Mama, bilauri hii inakwenda Bunda, maonyesho ya shule.”

“Vizuri. Mtoto avae nini?”

Akatazama ukuta. “Watakwenda wavulana. Msichana ataona haya mbele ya wageni. Nitaeleza mimi. Yeye abaki asaidie jikoni, kuna chakula cha msafara.”

Abaki apike! Vidole vimechanika kwa kupasua betri, halafu abaki apike!

“Bilauri haitoki hapa bila mwanangu.”

“Mama, ni bilauri tu. Hata mimi ninayo.”

“Basi katumie yako.”

Akaenda kutengeneza ya kwake. Hakuuliza tulitia nini. Angemuuliza nani, mpishi? Akatia chumvi, akaijaribu ofisini kwa mkuu wa shule, madirisha yamefungwa. Wakatoka wote wawili wanalia machozi.

Asubuhi ya safari lori la shule likasimama mlangoni kwangu, wavulana wamejaa nyuma. Mwalimu akashuka, macho bado mekundu.

“Mama, tunachelewa. Nipe hiyo bilauri, na uniambie mlitia nini.”

Binti yangu alikuwa nyuma yangu, sare imenyooshwa, viatu vya kuazima miguuni. Nikashika mlango kwa mikono yote miwili.

“Bilauri haitoki hapa bila mwanangu.”