Waridi la Mama Felista

Siku ya kwanza kazini nilikwenda shambani na viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo, cheti kiko kwenye bahasha, nimepangiwa kijiji cha Kate, na nilitaka watu wajue kwamba bibi shamba amefika. Afisa Kilimo wa Wilaya, mzee mrefu asiyependa maneno mengi, alinitazama miguuni kabla ya kuitikia shikamoo yangu.

"Marahaba. Hivyo viatu ni vya harusi ya nani?"

"Ni vyangu tu, Mzee."

"Basi vua. Udongo hauogopi cheti."

Nilimfuata peku kutwa nzima, nimenuna, na baridi ya Ufipa mnaijua. Lakini siku hiyo alinifundisha ukaguzi. Mmea ukiwa njano, usikimbilie dawa. Geuza jani utazame chini yake, huko ndiko wanakojificha vidukari na utitiri, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu mpaka jani linajikunja. Kisha angalia njano imeanzia wapi. Ikianzia majani ya chini, yale ya zamani, huenda mmea umekosa naitrojeni, chakula cha kuleta ukijani. Ikianzia machipukizi ya juu na mishipa ya jani ikabaki kijani, huenda umekosa madini ya chuma. Halafu chomeka kidole kwenye udongo usikie kama ni mkavu au umelowa. "Na umuulize mwenyewe," akasema. "Mmea hauna mdomo, yeye anao." Niliandika yote kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri sana.

Masika hayo hayo akanijia Mama Felista, mjane wa jirani na ofisi yetu. Alikuwa na waridi kwenye kopo kubwa la mafuta ya kupikia. Binti yake wa pekee, Felista, alilipanda siku moja kabla ya kuvuka mpaka pale Kasesya kwenda kwa mume wake Zambia. Simu hazikuwapo, na barua ilikuja ikipenda.

"Nikiamka naliangalia hili kwanza," akaniambia. "Likichipua, moyo wangu unatulia, najua mwanangu mzima. Sasa ona, limekuwa njano, majani yanajikunja. Lisife, mwanangu. Nakuomba."

Niligeuza majani: wadudu hakuna. Njano ilikuwa chini. Nikatamka palepale, bila kumuuliza chochote, "Naitrojeni!" Kidole sikuchomeka. Kucha nilikuwa nimezipaka rangi.

Dawa nilikuwa nayo kichwani. Mimi ni Mfipa, nimekulia kwenye intumba, yale matuta ya duara tunayofukia majani mabichi mvua zikikaribia kuisha, ili yaoze na kurutubisha shamba la msimu unaofuata. Nani wa kuniambia kuna udongo bora kuliko huo? Nilichota udongo wa tuta lililolimwa mwezi ule ule, na nyasi zake mbichi, nikalijaza kopo hadi juu. Mama Felista, Mfipa mwenzangu, akapiga vigelegele.

Wiki mbili baadaye njano ilikuwa imepanda hadi juu. Nikaongeza konzi ya mbolea ya urea. Loo, kingo za majani zikaungua, na Mama Felista akawa haji tena kunisalimia. Anasimama mlangoni kwake na kopo lake, ananitazama tu. Nikaona aibu, nikamwita Mzee.

Alikuja na pikipiki. Hakutazama majani hata kidogo. Alishika shina, akapindua kopo, udongo ukatoka mzima na harufu ya kinyaa. Akaniambia niushike. Ulikuwa wa moto.

"Nyasi zinaoza humu. Zinapooza zinakula naitrojeni kwanza, mmea unabaki na njaa. Shambani tuta linasubiri msimu mzima. Kopo linasubiri nini?" Akaigusa mizizi, ikabaki mkononi mwake, myeusi, laini. Kisha akanipa kopo tupu. "Tazama chini."

Halikuwa na tundu hata moja. Maji yalikuwa yakituama humo tangu siku binti alipolipanda. Mizizi ilianza kuoza zamani, na mimi nikaja kuimalizia.

Mzee akakata kijiti kimoja kilichobaki kijani. "Hiki kioteshe wewe. Na mama yule utamwambia wewe. Kosa lako, usilitupie mvua."

Nilikwenda. Nilisema yote, hata habari ya kucha. Mama Felista alilia kimyakimya, akajifuta kwa khanga.

"Ungesema tu hujui," akasema. "Ningekuelewa."

Kile kijiti nilikilea kwenye mchanga chini ya upenu wa ofisi, nikikichungulia kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Kilipotoa jicho la kwanza nilipiga kelele mpaka karani akatoka mbio. Kilipopata mizizi nilikipeleka kwa mwenyewe, kwenye kopo nililolitoboa kwa msumari.

Baada ya Kate nilihamishiwa Namanyere, kisha Laela, mwisho ofisi ya Sumbawanga, chini ya Afisa Kilimo wa Mkoa, mama aliyependa ripoti kuliko mahindi. Huko kote nilitembea na msumari kwenye mkoba. Sasa nimestaafu, nakaa Chanji, na majirani wananiletea ndoo na masufuria waliyopandia mimea yao inayougua. Juzi Mama Zuhura mwenye duka la vitenge aliniapia kwamba hajaumwagia mlimao wake kitu. Nikamwambia mficha uchi hazai, sema. Kumbe ni maji ya kuoshea vyombo, kila jioni, na sabuni yake!

Mwezi uliopita aligonga mlango mwanamke wa makamo, amebeba kopo la waridi.

"Shikamoo mama. Mimi Felista wa Kate."

Nikamkaribisha, akaniambia mama yake amefariki, na kwamba kabla ya kufa aliagiza niletewe mche huu. "Alinisimulia habari zako kila nilipokuja likizo. Kwamba waridi langu lilikuwa linakufa, akatokea bibi shamba akaliokoa."

"Hakukwambia mengine?"

"Mengine yapi?"

Miaka yote hiyo, hakunisema. Basi nikamsimulia mwenyewe, intumba, urea, kucha na yote, machozi yananitoka. Felista alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika mbavu.

"Ndiyo maana! Nyumbani kila chombo kilikuwa na matundu. Hata kopo la kunywea maji, mama alishalitoboa!"

Alipoondoka nilichomeka kidole kwenye udongo wa waridi. Halafu nikaliinua kopo nikatazama chini, ingawa nilijua. Matundu saba.