Gauni Lililofukiwa Kwenye Mpunga

Harufu ya vidonge vyeupe vya kufukuza mende hunikausha koo hadi leo. Nyumbani kwetu Lipangalala harufu hiyo ilikaa ndani ya sanduku la bati la mama, na sanduku lilifunguliwa kwa mambo mawili tu, Krismasi na msiba. Kwa hiyo mama alipolifungua Alhamisi isiyo na sikukuu, katikati ya masika, maji ya Kilombero yakiwa yameshameza mashamba ya bondeni na vyura wakilia mchana kweupe, mimi niliyekuwa na miaka kumi nilijua kuna jambo. Alitoa nguo moja moja, akazikung'uta, akazitandaza kitandani. Alikuwa anachagua ya kupigia picha. Hakutaka picha ya kusimama kando ya maua ya plastiki; alitaka ya kichwa na mabega, kubwa, ya kuwekwa kwenye fremu.

Wanasema mficha maradhi kilio humfichua, lakini mama hakuficha. Uvimbe wa tumboni ulikuwa umemkondesha hadi pete ikawa inamtoka akifua, na Jumatatu alitakiwa hospitali kupasuliwa. Baba alisimama mlangoni akizitazama zile nguo kama mtu aliyeona nyoka.

"Unajichuria, mama Yusta. Mtu anayekwenda kupona hapigi picha ya fremu."

Mama hakugeuka. "Mama yangu alizikwa bila picha. Leo nikimkumbuka naona mikono yake tu, inapepeta. Uso umenitoka. Sitaki Yusta naye abaki na mikono." Kisha akainua gauni jeusi lenye kola nyeupe, lile alilokuwa akivaa misibani. "Au unasemaje, mwanangu?"

Nilisema lile la maua. Akacheka kidogo, akalitundika jeusi kwenye msumari.

Kwetu picha ya marehemu hubebwa mbele ya jeneza, na mbebaji ni mtoto wake. Nilishawaona watoto wa majirani wakiibeba, fremu imewafika kidevuni, wanatembea kama wanaoogopa kumwaga maji. Nikajiambia kwamba pasipo nguo ya jeneza picha ya jeneza haitapatikana, na pasipo picha msiba utakosa pa kuanzia. Ijumaa mchana, mama alipojilaza, nilichukua gauni, nikapanda kwenye kihenge na kulifukia ndani ya mpunga mpaka mkono ukazama hadi begani. Vumbi lake liliniwasha shingo siku nzima.

Jumamosi mama alilitafuta hadi jasho likamtoka. Alijaribu lile la maua. Likampwaya, likawa linadondoka begani. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa milima ya Udzungwa na mpiga picha alikuwa anafunga saa saba. Mwishowe akaenda na alichokuwa nacho mwilini, blauzi ya shambani iliyochanika shingoni na kushonwa kwa uzi mwekundu. Studio palikuwa na koti moja jeusi ambalo nusu ya wanaume wa Ifakara walikuwa wameshapigia picha.

"Vaa hili, mama, lina bahati," mpiga picha alimwambia. "Limeshawapatia wake hata wasiojua kutongoza."

"Kaka, nife na koti la wanaume?"

"Basi inua shingo. Fikiria mpunga umepanda bei!"

Mama akatabasamu, taa ikamulika, nami nikaamini nimeshinda.

Alipasuliwa, akarudi, akaanza kuomba uji mwenyewe. Picha ilikuja kutoka Morogoro ilikosafishwa. Aliitazama akasema, "Huyu anakwenda kupalilia," akaiweka chini ya mto. Wiki ya tatu kidonda kikachafuka. Siku ya nne tangu hapo, alfajiri, shangazi aliyekuwa akimuuguza alitoka chumbani akiwa amejifunga khanga kiunoni kwa nguvu, na hakuna aliyehitaji kuuliza.

Mjomba, kaka yake mama, alifika kutoka Masagati na matope magotini. Alionyeshwa ile picha. "Dada yangu atangulizwe na blauzi ya kupalilia? Watu watasema tulimtupa." Wakaigeuza ikatazama ukuta. Jeneza likatoka bila sura mbele yake, kama la bibi, na mimi nikalifuata mikono mitupu. Gauni nililiacha kwenye mpunga.

Baada ya kidato cha nne niliondoka, na sijakaa mji mmoja zaidi ya miaka miwili: Makambako, Tunduma, Songea, kisha mingine. Picha ile nimehama nayo. Mwaka huu nimerudi, na nyumba ya wageni iliyonipa kazi inataka picha ya kichwa na mabega. Nilimuuliza kijana wa studio nivae nini. "Usihangaike, mama, suti nakuvalisha humu humu kwenye kompyuta." Nikatoa picha ya mama kwenye mkoba. Kwa muda wa kunywa soda alimvisha gauni jeusi lenye kola nyeupe. Siku hizi nguo ya kuzikia haifichiki; inapatikana hata kwa waliokwisha kuzikwa.

Baba sasa anatembelea mkongojo. Nilimwekea picha zote mbili mapajani. Aliigusa ile mpya, akairudisha. "Huyu simjui." Ile ya blauzi akaishika. "Gauni ulilifukia kwenye kihenge. Nilikuona."

"Mbona hukulitoa, baba?"

"Nilidhani kulificha kutasaidia."

Kuku wakapita katikati yetu. Yeye aliyekuwa akiita jambo hili uchuro akaniambia nimlipe yule kijana wa studio, na kesho nimpeleke yeye mwenyewe akapigwe picha. "Shati nitachagua mwenyewe," alisema. "Na safari hii, Yusta, usifiche kitu."