Tuni ya Tatu

Nilijua mambo hayako sawa siku mzee aliponisifu. Kwa miaka minne niliyokaa upande wake wa kushoto, katika pembe ile ya baa ya Kenton, kila Jumapili mchana, kazi yake ilikuwa kunikosoa. Napumua ovyo. Nakimbiza. Filimbi yangu ya bati inapiga kelele kama birika lililosahauliwa jikoni. Halafu Jumapili moja ya Oktoba nikapendekeza tuni tatu za kufungulia kikao chetu cha muziki, akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akasema, "Umechagua vizuri, Dada. Kuanzia leo utakuwa unachagua wewe." Wenzetu wakapiga makofi. Mimi nikajifanya nafuta filimbi.

Alikuwa Mwairishi wa miaka themanini na ushee, aliyeletwa London na kazi za kuchimba barabara, mpiga fidla na kiongozi wa kikao chetu. Mimi nilimwita Mzee, baada ya kumweleza kwamba kwetu si tusi. Yeye aliniita Dada kwa sababu ndivyo alivyomsikia rafiki yangu wa kazini akiniita kwenye simu. Nilimkuta kwa bahati tu. Nilikuwa nimetoka kanisani Wembley, mvua ikanikamata njiani, nikaingia baa kuomba choo, na mle ndani watu saba wazima walikuwa wamekaa duara wanapiga muziki bila mtu hata mmoja kuwatazama. Nilipokuwa shule ya msingi Morogoro nilipiga filimbi kwenye bendi ya shule, ile ya kuwaingiza wenzangu madarasani asubuhi. Nikasimama mlangoni nikilowesha zulia la watu, vidole vikinicheza mfukoni. "Kama unapiga, kaa," mzee akasema. "Kama hupigi, funga mlango." Nikakaa.

Watu wengi hawajui kwamba katika muziki ule kazi ngumu si kupiga, ni kupanga. Tuni zao hazina maneno, na ni fupi mno. Kwa hiyo kila moja hupigwa mara tatu, kisha bila kusimama mnarukia nyingine, kisha ya tatu, na hizo tatu ndizo huitwa seti. Kiongozi peke yake ndiye anayeamua wakati wa kuhama. Akikaribia, anainua kiatu cha kulia na kusema "hap!", na wote mnaruka naye. Seti ikiisha ananyoosha mguu mbele. Hakuna anayeruhusiwa kuhama kabla yake, hata kama amekosea. Akipotea mnapotea wote, na mnapotea kwa adabu.

Mwanangu, aliyezaliwa huku na anayeelewa Kiswahili chote lakini hajibu kwa Kiswahili, alikuja mara moja akakaa na soda yake saa nzima. "Mum, it's literally one song," aliniambia tukirudi. Nilinuna mpaka nyumbani. Lakini ni kweli kwamba mtu wa nje hasikii mahali tuni moja inapoishia na nyingine inapoanzia.

Mzee ndiye aliyenifundisha kupanga. Anza na tuni ambayo hata mgeni anaijua. Ya pili ipande, utoke ufunguo wa D uende A, ili watu wakae sawa vitini. Ya mwisho iwe ile wanayoipenda. Na sharti lake kubwa lilikuwa kwamba ndugu wawili wasikae pamoja. Ndugu aliwaita tuni mbili zenye mkia mmoja, yaani kipande cha mwisho kinachofanana. Ukiziweka jirani, ukifika mkiani vidole havijui viko kwenye tuni ipi, vinarudi vilikotoka, na mnaweza kuzunguka humo mpaka baa ifungwe. "Nimewahi kuona wanaume wazima wakikaribia kulia," alisema. Siku hiyo tulicheka sana.

Baada ya ile Jumapili ya sifa akaniomba jambo jingine: niwe namwandikia seti kwenye kadi, noti chache za mwanzo wa kila tuni, aichomeke ndani ya kifuniko cha boksi la fidla. Alisema ni kwa sababu ya macho. Mtu mwenye macho mabovu haombi maandishi zaidi, lakini nilimwandikia. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Queensbury. Kila siku naandika kwenye mafaili nani amevaa sweta mbili, nani ameniuliza jina mara tano kabla ya chai. Kwa hiyo nilijua, na nikaamua kutojua.

Novemba nilimpelekea kadi nyumbani kwake. Nilipotafuta maziwa ya chai nikakuta funguo za mlango ndani ya friji. Chini ya sinki kulikuwa na sufuria tatu zilizoungua hadi nyeusi, zimepangwa vizuri kama za dukani. Palikuwa na harufu ya gesi. Nilifunga swichi ya jiko, nikafungua dirisha, na alipoona nimeziona zile sufuria akakaa kitini na koti lake mwilini.

"Daktari ameshaniambia," alisema. "Binti yangu yuko Leeds, anataka nikakae kwenye nyumba ya wazee karibu naye. Tumekubaliana. Siku nitakayoshindwa kuongoza kikao nitahama bila ubishi. Si kabla ya hapo. Hajui muziki, lakini atakuja kujionea mwenyewe." Akanishika kiganja. "Nipangie vizuri, Dada. Nikitoka kwenye kikao kile nimekwisha."

Nikakubali. Wala sikusita, na hilo ndilo linaloniuma.

Basi nikawa fundi wa kuficha. Nilikuwa na daftari lenye tuni themanini na kitu, na kwa kuwa majina yake ya asili yalinikataa kichwani, nilizibatiza mwenyewe: Ngazi, Bata, Mama Mkwe, Kikohozi. Kila Jumapili jioni nilikaa na kalamu nikifuta zile zilizomponyoka. Alipoteza Kikohozi kabla ya Krismasi. Mama Mkwe aliianza vizuri kisha akabaki ameshika upinde hewani, na sisi tukamaliza bila kumtazama. Nilizoea kupanga kwa kutafuta utamu. Sasa nilipanga nikitafuta tuni ambayo mwisho wake unamsukuma mtu kuingia inayofuata hata akiwa hafikirii. Wenzetu waliliona. Mpiga banjo alianza kuvuta kiti karibu naye, na mwenye akodiani akawa anapiga noti ya kwanza kwa nguvu kidogo ili mzee aipate. Kufika Februari nilikuwa nimebakiwa na tuni kumi na moja.

Rafiki yangu wa kazini, mama wa Bukavu anayeogopwa na mameneja wetu wote, nilimweleza siku moja tukiwa tunakula. Akaweka kijiko chini.

"Ule mzee iko peke yake na gesi, na weye unamuficha?"

"Simfichi. Nampangia muziki tu."

"Dada, weye unajua hii kazi. Leo ni sufuria. Unangoja nini, nyumba iwake? Report. Hiyo ni safeguarding, kulinda wazee."

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia hajui kitu kuhusu muziki, na kwamba wapo watu wanaokufa kwa kuhamishwa. Alirudia chakula chake, na kwa wiki nzima harufu yoyote ya kitu kinachoungua ilinifanya nisimame nilipokuwa. Nikipita karibu na mtaa wa mzee nilikuwa naangalia kwanza juu, kama kuna moshi. Nilimpigia simu asubuhi kumuuliza amezima jiko. Alisema ndiyo, kwa hasira, kisha nikasikia anatembea kwenda jikoni kuhakikisha.

Binti yake akatangaza kuja Jumapili ya pili ya Machi. Jumamosi yote sikufanya kitu kingine. Mwanangu alikula mkate na siagi mchana na jioni. Nilitaka seti ya kwanza iwe imara kiasi kwamba mtu yeyote akiiona aseme, mzee huyu haendi popote. Nilichagua Ngazi, ambayo aliipata kwa mama yake angali mtoto. Ya pili nikachagua Bata, nayo ya kwa mama yake. Vitu vya utotoni hudumu, hilo naliona kazini kila siku: mtu hamjui mumewe lakini anaimba nyimbo za chekechea bila kukosea.

Ya tatu sikuhitaji kuiwazia. Mzee aliitunga mwenyewe wiki ambayo huyo binti yake alizaliwa, na alimlaza nayo miaka yote ya udogo wake. Aliwahi kuniambia ndiyo tuni pekee duniani ambayo binti yake anaijua. Ndiyo pia aliyonifundisha ya kwanza kabisa, noti kwa noti, mpaka nikaichukia na kuanza kuipenda tena. Nilijiona mjanja. Niliiandika kwenye kadi kwa wino mwekundu.

Binti alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpole, amechoka na safari ya treni. Alikaa meza ya pili akaelekeza simu kwetu arekodi. Mzee alikuwa amenyoa na kuvaa tai. Akaiangalia kadi, akaniangalia mimi, akaanza Ngazi, na jamani, alipiga. Mara tatu, safi. Kiatu kikainuka, "hap!", tukaruka naye kwenye Bata. Nikamtazama yule binti, nikaona mabega yake yameshuka kwa nafuu.

Mara ya tatu ya Bata tulipofika mwisho, nilivuta pumzi kwa ajili ya tuni ya tatu. Kiatu kikainuka. Mzee akarudi kwenye Ngazi.

Tukarudi naye, maana ndiyo adabu. Nikajiambia atajirekebisha. Akapiga Ngazi, akahamia Bata, na mwisho wa Bata nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia akipiga pale baa. Mkia ulikuwa tofauti. Ulikuwa mkia wa Ngazi, ule ule kabisa. Hapo ndipo nikakumbuka maneno yake ya mwaka wangu wa kwanza: kwamba kwa mama yake hizi mbili zilikuwa ndugu, na kwamba yeye, alipofika London, alibadilisha mkia wa Bata ili aweze kuzipiga katika kikao kimoja bila kupotea. Alikuwa ameniambia. Sasa akili yake ilikuwa imerudi jikoni kwa mama yake, kwenye mikia ya zamani, na mimi nikawa nimemkalisha katikati ya ndugu wawili kwa mkono wangu mwenyewe. Kati yetu, aliyesahau ni mimi.

Tukazunguka. Ngazi, Bata, Ngazi, Bata. Mpiga banjo alikuwa anatazama sakafu. Mwenye akodiani midomo ilikuwa imemkauka. Jasho lilimtoka mzee kwenye paji, likaingia kwenye tai, na mkono wake ukaendelea bila makosa, mzuri, haraka, na macho yake yakanigeukia. Nimeyaona macho hayo kazini, kwa watu wanaosimama mbele ya mlango wa chumba chao wasijue unafunguka vipi. Alikuwa ananiomba nimtoe.

Na meza ya pili binti yake alikuwa anatabasamu. Kwake ilikuwa tuni moja ndefu, baba yake yuko imara, na simu inarekodi.

Ningeweza kunyoosha mguu mbele. Ni ishara ya kumaliza tu, wote wangesimama pamoja, makofi yangepigwa, binti angerudi Leeds ameridhika na asingejua kitu. Nimeyafikiria hayo mara nyingi sana. Lakini nilikuwa nimeiweka ile ya tatu kwa ajili yake. Nilitaka aisikie. Ni kiburi tu, kiburi cha mtu aliyekaa Jumamosi nzima anapanga seti yake na hataki ikatwe. Nikainua kiatu, nikasema "hap!" mbele ya kiongozi wangu, na nikaingia tuni ya tatu peke yangu.

Wenzangu walinifuata kama watu waliofunguliwa dirisha. Nikamsubiri mzee aingie. Hakuingia. Aliteremsha fidla taratibu, akailaza magotini, akainamisha kichwa upande mmoja. Hofu ilikuwa imemtoka usoni. Alikuwa anasikiliza kwa makini, kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgeni anayeleta tuni ya kwao.

Meza ya pili binti aliitambua tuni kwa noti nne za mwanzo. Mkono uliufunika mdomo. Alimtazama baba yake akingoja, na niliona anangoja nini.

Nikanyoosha mguu, tukamaliza. Mzee akanipiga begani kwa furaha.

"Hiyo ya mwisho, Dada," alisema kwa sauti ambayo baa nzima iliisikia. "Nzuri sana. Umeitoa wapi? Lazima unifundishe."

Nilimwambia ni ya kwake. Akacheka sana, akidhani namtania, akamgeukia binti yake ili wacheke wote. Binti alikuwa ameshaizima simu.