Kama Mwenyeji Alimeza

Hadithi ile nimeifundisha kwa miaka mingi, na mpaka leo nikikutana na makala mpya ya wahakiki kuihusu huwa nachefukwa. Si kwamba hawajui kazi yao. Wanajua mno. Wanaikamua hadithi ya kurasa chache mpaka inabaki makapi, halafu wanabishana juu ya makapi.

Kwa asiyeifahamu, ni hadithi ya Kizungu ya zamani, ya kutisha. Mtu mmoja anadai kwamba rafiki yake amemtukana. Tusi lenyewe halitaji. Siku ya sikukuu, mji mzima ukiwa umelewa, anamwalika yule rafiki kwenye ghala lililo chini ya nyumba yake, eti amepata mvinyo wa thamani na anataka mjuzi auonje. Wanashuka pamoja, wanapita kwenye mifupa ya wazee wa ukoo, wanakunywa njiani. Kule mwisho mwenyeji anamfunga mgeni kwa mnyororo, anachukua mwiko na mawe, anamjengea ukuta akiwa hai. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee, ndipo anamsimulia mtu ambaye hatuambiwi ni nani.

Sasa wahakiki. Wengine wanasema muuaji ni kichaa na tusi halikuwepo. Wengine wanasema tusi lilikuwepo ila ni aibu kulitamka. Wako wanaosema mzee anatubu, na wako wanaosema hatubu chochote, anajigamba. Nimewasoma wote na nimewafundisha wote, kwa sababu mtihani unawataka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali aliloliuliza baba yangu.

Niliisoma mara ya kwanza Bukoba mjini, miaka michache baada ya Azimio, kwenye shule ya masista. Sista aliyetufundisha Kiingereza alikuwa mzee na alikuwa na kikohozi kisichopona. Yeye alikuwa na jibu moja tu: yule anayesimuliwa ni padre, na mzee yuko kitandani anaungama. Sisi wasichana wa Kikatoliki tulilipenda jibu hilo. Kila kitu kiliishia kwenye kiti cha maungamo, na tulijua njia ya kufika huko.

Mwalimu wa siasa, kijana aliyetoka chuo kikuu na ndevu zake, aliposikia tunachosoma alikuja darasani kutusahihisha. Hawa ni mabwanyenye wawili wanaotafunana, alisema. Watumishi wa nyumba wako wapi? Wametoroka kwenda kusherehekea, wamewaachia wanyonyaji ghala lao, na hao watumishi ndio mashujaa wa hadithi. Tukaandika hivyo kwenye madaftari yetu, chini ya maneno ya Sista, bila kufuta chochote.

Niliyekaa naye dawati moja alikuwa binti wa Kihindi, wazazi wake walikuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Siku hiyo alinyoosha mkono, jambo ambalo hakulizoea. Akasema, "Yule aliyekufa hakujua kosa lake. Angelijua, asingeshuka." Sista akamwambia akae. Baadaye nyumba yao ilitaifishwa, nao wakaondoka Bukoba. Sijui walikwenda wapi.

Nyumbani kwetu ni Kamachumu. Baba alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa, si kikubwa, na alikuwa na mukago wake, yaani ndugu yake wa damu. Walipokuwa vijana walichanjana karibu na kitovu, wakapasua tunda moja la kahawa lenye buni mbili, kila mmoja akaipaka buni yake damu na kummezesha mwenzake. Padre wa wakati huo aliwakaripia wote wawili kanisani. Walikubali kukaripiwa, ila buni zilikuwa zimeshamezwa. Tangu hapo mukago alikuwa mtu wa kwetu. Aliingia bila hodi, akala bila kukaribishwa, na mimi nilimwita tata kama nilivyomwita baba.

Kisha vikaja vijiji vya ujamaa, na mukago akachaguliwa mwenyekiti. Akapelekwa semina. Alipotoka huko aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, akasimama na karatasi mkononi, akasema kijijini kwetu kuna kupe. Kupe hao, alisema, wanaweka vibarua wa kuwachumia kahawa huku wenyewe wamekaa kivulini. Hakutaja jina. Lakini mwaka ule mgongo ulikuwa unamsumbua baba, na alikuwa amemweka kibarua mmoja kutoka Burundi. Watu wote wakageuza shingo kumtazama. Wengine walicheka. Nilikuwa nimekaa karibu yake na niliona masikio yake yanavyobadilika rangi.

Mama alijaribu kumtuliza. "Mtu alikuwa anasoma karatasi ya chama," alimwambia. "Hata maana yake sidhani kama aliijua."

"Anayo macho," baba akajibu. "Aliposema kupe alinitazama."

Mimi sikumwona akimtazama. Wala siwezi kuapa kwamba hakumtazama. Tangu siku ile walisalimiana njiani kama watu wanaoheshimiana, basi. Mukago alipopita kwetu baba hakumtolea kahawa ya kutafuna, ile ambayo hata mgeni usiyemjua humnyimi. Kikapu kidogo cha kahawa kilikaa palepale ukutani. Mukago alikitazama, akaongea habari za mvua, akaondoka. Baada ya muda akaacha kupita.

Likizo moja, tukiwa tunachambua buni kwenye mkeka, mama aliniomba niwasimulie tunachosoma huko kwa masista. Nikawasimulia hadithi ile kwa Kihaya. Ghala nililigeuza kuwa shimo la kuivishia ndizi za pombe, kubwa kama nyumba, na mvinyo nikaufanya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mama aliweka mkono mdomoni. Baba hakuacha kuchambua.

"Nani alionja kwanza?" akauliza.

Nikamwambia walikunywa wote, njiani.

"Sijauliza kama walikunywa. Nauliza nani alionja kwanza, na kama alionekana akimeza."

Inabidi nieleze hapa, kwa sababu wasomaji wa leo wanakunywa vya chupa. Kwetu, anayetoa pombe huonja kwanza. Mwenye kibuyu humimina, hunywa, humeza mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Asipofanya hivyo hujapewa kinywaji, umepewa mashaka. Mtoto wa Kihaya anayajua haya kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Nilikwenda kutoa kitabu sandukuni nikasoma upya. Mgeni anakunywa, imeandikwa wazi. Mwenyeji anamtakia mwenzake maisha marefu. Kwamba naye alimeza, haikuandikwa popote. Nilirudi mbio kumwambia baba, nikijiona nimefaulu mtihani.

"Unaona," alisema baba. "Huyo mgeni alikuwa amekufa pale pale, kabla ya ukuta. Alikosa kutazama koo."

Alifurahi. Nilikuwa sijamwona amefurahi namna hiyo tangu siku ya mkutano, na mimi pia nilifurahi.

Likizo iliyofuata ilikuwa ya mvua kubwa. Mchana mmoja mukago alitokea kwenye njia ya migomba, amevaa koti lake la kanisani, amebeba kibuyu cha rubisi kilichozibwa kwa jani. Alikuwa amekonda. Sisi tulikuwa tukisikia kwamba mwenyekiti anakonda kwa safari za chama, tukaamini. Mama alimpokea kwa furaha, akamtandikia mkeka, akasema, "Waitu, tulidhani umetuhama." Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, hakuinuka.

Mukago alimimina kwenye kikombe cha kibuyu. Akakipeleka mdomoni. Povu likabaki kwenye masharubu yake, akalifuta kwa kiganja, akampa baba kikombe kwa mikono miwili.

Baba hakukipokea. "Hukumeza," alisema.

"Nimeonja, mukago wange."

"Umelowesha midomo. Hukumeza."

Nilikuwa nimetazama koo lile mimi pia. Ndiyo. Halikucheza.

Mukago alikitazama kile kikombe. Akasema taratibu, "Leo siwezi zaidi ya hapo. Nina neno la kukwambia, ila siwezi kulisema mikono mitupu. Pokea kwanza."

"Neno linalotaka mimi ninywe kwanza, kaa nalo."

Mama alianza kumsihi baba kwa jina la ukoo wake, jambo ambalo hakulifanya mbele ya wageni. Mukago alikirudisha kikombe mkekani bila kumwaga hata tone, akainuka kwa kushika ukuta, akatoka kwenye mvua. Kibuyu alikiacha. Hakuna aliyemsindikiza, maana baba alitutazama na tukakaa.

Alipotoweka kwenye migomba, mama alichukua kile kikombe akanywa chote. Akamimina kingine akanywa, amesimama mbele ya baba, na mama hakuwa mnywaji. Kisha akaosha kikombe, akakiangika, akaenda kumenya ndizi. Hakuumwa hata kichwa.

Mukago alikufa kabla ya msimu wa senene. Tulikwenda kuzika, na kwa desturi baba alipaswa kukaa ndani pamoja na watu wa damu. Akasimama nje na majirani. Mjane alimfuata huko huko, mbele ya watu, akamwambia bila kupaza sauti. Ini la marehemu lilikuwa limekwisha. Hospitali ya misheni walimkataza pombe hata ya kuonja, wakamwambia akimeza atatapika damu. Alijua hana siku nyingi. Alikwenda kwetu kumkabidhi baba watoto wake, kama mtu anavyomkabidhi mukago wake, na neno kama hilo hupelekwa na kibuyu.

"Nilimwambia akueleze ugonjwa wake," mjane alisema. "Akasema, mukago wangu hawezi kunihesabia mafunda."

Baba aliuliza kitu kimoja tu, na aliuliza kwa sauti ambayo sikuijua. Aliuliza kama marehemu aliwahi kutaja ule mkutano wa uwanja wa shule. Mjane alimshangaa. "Mkutano gani?" alisema.

Watoto walichukuliwa na shangazi yao wa Ijuganyondo. Baba alipeleka ndizi huko, mkungu baada ya mkungu, alizibeba mwenyewe kwenye basi na ule mgongo wake. Shangazi alizipokea mlangoni na kushukuru. Watoto hawakutoka kusalimia.

Najua mnachongoja hapa. Mnangoja mwalimu aombe msamaha kwa kusimulia hadithi. Siombi. Baba alikuwa na kinyongo chake kabla ya kitabu, na macho ya kutazama koo alirithi kwa babu yake. Lakini nitasema hili: nimekaa na hasira juu ya baba kwa muda mrefu, na juu ya kile kicheko cha watu pale uwanjani. Darasani, nikifika kwenye swali la kama tusi lilikuwepo au halikuwepo, huwa nawapa wanafunzi majibu yote mawili na kufuta ubao. Namkumbuka yule binti wa duka la vitambaa. Alisema sentensi moja tu, akaambiwa akae.

Uzee wa baba aliumalizia kwangu, Kitendaguro. Ini lilimwandama naye, nadhani hilo litawafurahisha wanaopenda hadithi zilizonyooka. Daktari akakataza pombe. Baba aliitikia, akapanda gari, na mgeni wa kwanza alipofika nyumbani, baba akaagiza rubisi. Alikuwa anamimina mwenyewe, anakunywa funda kubwa, anameza, halafu anafungua mdomo na kuinua ulimi mgeni aone, kama mtoto anayepewa dawa kliniki. Wageni walicheka, wakidhani ni utani wa wazee. Usiku aliumia na asubuhi hakutaka kuulizwa. Nilipoficha kibuyu alifanya hivyo hivyo kwa maji.

Mwaka wake wa mwisho alikuja kijana mrefu, amevaa tai, ana shughuli za ofisi mjini. Aliposema ni mtoto wa mukago nilimpeleka moja kwa moja kwa baba. Baba alikuwa hawezi kuinuka tena, lakini alimtambua kabla sijamtaja. Aliomba kikapu cha kahawa, kijana akachukua punje akatafuna. Kisha baba akanitazama mimi. Nilijua anataka nini na nilijua daktari alisema nini. Nikaleta kibuyu.

Baba alimimina, nusu ikamwagika juu ya shuka. Akanywa. Akameza, kwa shida, kidevu juu, na akafungua mdomo wazi na kuuacha wazi kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Kisha akamwinulia kijana kikombe kwa mikono miwili.

"Asante sana, mzee," kijana alisema. "Mimi nimeokoka. Situmii pombe."

Alisema kwa upole, na sidhani alikuwa analipiza chochote. Wahakiki wangu wangebishana. Baba hakukishusha kikombe. Alibaki amekinyoosha, rubisi ikimwagika kwenye vidole, akisema, "Pokea kwanza, mwanangu, pokea kwanza," mpaka nikakipokea mimi.