Serikali Alisema Kesho

Mimi ni dereva tu. Mimi nashika usukani, mwenzangu anashika kipaza sauti, na mtaa mzima unatulaani sote wawili bila upendeleo. Gari letu ni pikapu ya manispaa, mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba, na juu ya paa kuna spika mbili, moja inakoroma. Tukitokea kwenye kona watoto wanapiga kelele, "Serikali huyoo! Serikali anakuja!" Wanamsema yeye, mwenzangu. Ndilo jina lake siku hizi. Hata mkewe akikasirika humwita hivyo, na shemeji yangu yule hakawii kukasirika.

Kabla ya hapo alikuwa anauza sumu ya panya sokoni. Ana sauti, jamani, tumpe haki yake. Kila akimaliza kuinadi sumu yake alikuwa na msemo wa kufungia: "Panya asipokufa, mlete nyumbani kwangu nimuue mwenyewe!" Watu walicheka, wakanunua. Mkubwa mmoja wa manispaa akapita pale, akasimama kumsikiliza, akaona huyu ndiye anayefaa kuitangazia serikali. Akampa kibarua. Kibarua, nasema, siyo ajira. Ajira aliambiwa inakuja, na mpaka leo iko njiani.

Kazi yetu ni hiyo hiyo kila siku. Ugonjwa ukiingia, tunatumwa. Nyumba zikitakiwa kuvunjwa, tunatumwa. Wa ofisini wanaandika karatasi, sisi tunakwenda nayo kwa watu. Kwa hiyo mwananchi akitaka kuigombeza serikali, inayomfikia ni hii yenye shati moja la kazini na ndala zilizoshonwa kwa waya. "Serikali, taka zetu mnazoa lini?" "Serikali, mbona mmenivunjia choo?" Na huyu mjinga wangu anawajibu! Anashuka, anaeleza, anaahidi kufikisha. Ningekuwa mimi ningepandisha kioo. Bahati mbaya kioo chenyewe hakipandi.

Sasa kuna mtaa mmoja uko bondeni, ndiko alikolelewa mwenzangu, na mama yake mdogo yuko huko mpaka leo, anafua nguo za watu. Huko bomba lilikuwepo zamani. Serikali ikapanua barabara, bomba likakatwa. Bomba likaambiwa lingoje bajeti. Watu hawawezi kunywa bajeti, wakachimba kisima. Pa kuchimba palikuwa pembeni ya vyoo tu, kwa kuwa penginepo pote pameshapita barabara. Mvua zilipokolea, watu wakaanza kuhara na kutapika, wakubwa kwa wadogo, na wengine wakazikwa. Ndipo ofisi ikaamka.

Bwana afya akatupa karatasi: kisima kifungwe leo, mafundi wanakuja na mfuniko na kufuli, na wananchi wataletewa maji safi kwa gari la boza hivi karibuni. Njiani mwenzangu akaisoma, akairudia, akanyamaza. Mtu wa kelele akinyamaza unaogopa.

"Dereva," akasema, "hii haiuziki."

"Haiuziki nini? Wewe umetumwa kusoma, soma."

"Hili neno, hivi karibuni. Nani atakubali kufungiwa kisima kwa hivi karibuni? Wewe ungekubali?"

"Mimi kwangu kuna bomba. Soma kilichoandikwa, twende zetu nyumbani."

Tulipofika watu walikuwa wamekizunguka kisima na ndoo zao, mafundi wamesimama pembeni, hawathubutu kusogea. Mwenzangu akasoma vizuri kabisa mpaka akafika kwenye lile neno. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akadakia, "Lini?" Wengine wakadakia naye, lini, lini, mpaka spika ikazidiwa. Basi damu ya sokoni ikampanda. Nilimwona, nikamvuta shati, wapi!

"Kesho asubuhi!" akanguruma. "Boza linafika hapa kesho asubuhi! Lisipofika, leteni ndoo nyumbani kwangu niwajazie mwenyewe!"

Watu wakacheka, wakatazamana. Mama yake mdogo alikuwa mbele kabisa, ndoo imeshajaa. Akaimwaga pale pale mbele ya watu. "Mwanangu kasema," akawaambia. "Hajawahi kunidanganya tangu anatambaa. Fungeni hicho kisima." Wakawapisha mafundi, kufuli likalia, na sisi tukaondoka tukipigiwa makofi. Tangu nianze kuliendesha gari lile hatukuwahi kupigiwa makofi.

Kesho ikafika, boza halikufika. Asubuhi watu waliulizana kwa utani, adhuhuri kwa hasira, jioni wakaacha kuulizana. Siku iliyofuata shemeji akanipigia simu. "Njoo umchukue Serikali wako," akasema, "ameniletea mtaa mzima uani."

Nikaenda. Ndoo zilianzia mlangoni pake zikatoka mpaka barabarani, na watu wote wa bondeni walioweza kupanda kilima mpaka kwake wako nyuma ya ndoo hizo. Si aliwaambia walete? Wameleta. Yeye kachuchumaa bombani, kalowa mpaka kiunoni, anajaza. Mwenye nyumba anafoka kwamba maji ya wapangaji yanakwisha, shemeji anafoka kwamba hana hata ya kuoshea mtoto, na yeye anajaza tu, hainui uso. Bomba likakohoa, likatema matone, likanyamaza. Waliobaki wakamtazama. Mzee mmoja akachukua ndoo yake tupu, akamwambia taratibu, "Haidhuru, Serikali," akageuka kuteremka bondeni. Afadhali angemtukana.

Tukaenda ofisini. Bwana afya tulimkuta amelala na kichwa juu ya meza, macho alipoyafungua mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani. Naye hakulala kwake siku zile. Mwenzangu akamweleza yote. Yule bwana akamsikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo kesho umeitoa wapi?"

"Watu waliuliza lini, mkuu. Sasa huko bondeni wote wanasema Serikali alisema kesho..."

"Serikali haikusema kesho. Wewe ndiye uliyesema."

"Sasa boza liko wapi?"

"Gereji. Na likitoka gereji kuna mitaa mingine ilianza kuzika kabla yenu." Akajifuta uso kwa viganja. "Hivi karibuni ndiyo tarehe niliyo nayo, ndugu yangu. Ningekuwa na nyingine ningeiandika."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alinyoosha mkono akakokota faili lingine, akaanza kusoma, nasi tukatoka. Kwenye ngazi mwenzangu akasema, "Watakivunja." Nikamwambia asijitabirie mabaya, lakini hata mimi nilijua.

Walikivunja. Walipiga kufuli kwa jiwe mpaka likaachia, wakachota, na huwezi kuwalaumu. Kiu haina adabu. Mama yake mdogo peke yake ndiye aliyekataa. Alikuwa anapanda kilima na galoni kichwani, na magoti yake yanayouma, anaomba maji kwa watu asiowajua, na akishuka nalo wenzake wanamsindikiza kwa kejeli: "Mama Serikali, subira huvuta heri!" Nguo za watu zikarudi kwa wenyewe bila kufuliwa. Mwenye mtoto mgongoni, yule aliyeuliza lini, alipelekwa kwenye hema la wagonjwa, yeye na mtoto. Yeye alirudi.

Mwenzangu alilisikia hilo. Alikaa garini na kipaza sauti mapajani, akawa anakizungusha zungusha. Mimi nikamwambia maneno ambayo mtu husema, kwamba siyo yeye aliyekata bomba, siyo yeye aliyepanga bajeti. Akaniitikia, "Kweli, dereva," ili ninyamaze. Nikanyamaza. Nimechoka, jamani. Wote tulikuwa tumechoka, mpaka pikapu.

Kisha siku moja boza likaja kweli. Sikuamini mpaka nilipoligusa. Maji masafi, yananukia dawa, ya bure, na dereva wake ana haraka. Tukatangulia mbele yake kuteremka bondeni, spika zote mbili sasa zikikoroma. Mwenzangu akatangaza kwa sauti yake yote. Hakuongeza neno, hakupunguza. Maji yamefika, njooni na ndoo, kisima msikiguse.

Hakutoka mtu. Tulizunguka mtaa tukarudi palepale, milango imefungwa, mapazia yanatikisika. Koki ya boza ilikuwa mbovu, maji yakawa yanavuja, yanatengeneza kijito kwenye vumbi, na hakuna hata kopo la kuyakinga. Nyuma ya ukuta mmoja mtu akapaza sauti, "Tukuletee na panya?" Wakacheka huko ndani, kicheko cha watu wasio na raha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hawa walikuwa wameumwa mara ngapi? Mwenzangu akatangaza tena. Sauti ikaanza kumkatika. Akatangaza tena.

Mlango mmoja ukafunguliwa, akatoka mama yake mdogo na ndoo na kikombe. Alitembea polepole, amekonda, khanga imemzidi mwili. Hakumsalimia. Akakinga ndoo ikajaa, akachota kikombe, akanywa chote mbele yetu, akachota cha pili, akanywa. Halafu akaketi kwenye jiwe katikati ya njia, mahali pa kuonekana na nyumba zote.

Mwenzangu akashuka garini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, waambie na wenzako watoke. Maji haya ni salama, naapa. Gari litaondoka hili."

"Nimeshawaambia."

"Wamesemaje?"

"Wamesema nikanywe mimi kwanza, nikae hapa nje wanione." Akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga. "Wanasubiri kuona kama nitaumwa."

Dereva wa boza akapiga honi, akaniuliza kwa mkono tunangoja nini. Nikamwashiria azime injini. Mwenzangu akakiacha kipaza sauti kwenye kiti, akamwomba mama yake kikombe, naye akanywa. Akakaa chini kwenye vumbi karibu na miguu yake, wakawa wanaitazama ile milango, na milango inawatazama wao.