Suruali ya Mkaguzi

Mama mkubwa, dada wa mama yangu aliyenilea mjini Kasongo, aliamua kuacha kushona siku aliposhona ndege vichwa chini. Ilikuwa sketi ndefu ya bibi harusi, ya kitenge chenye ndege wa bluu wanaopaa, na alipoimaliza ndege wote walikuwa wanaanguka. Bibi harusi aliivaa hivyo hivyo kwa heshima, na muda wote wa misa watu walimkazia macho padri ili wasiitazame sketi. Hakuna aliyesema neno. Ukimya ule ndio ulioniuma zaidi, kwa sababu Kasongo watu hunyamaza mbele ya wagonjwa tu.

Macho yake yalikuwa yanafifia kwa muda mrefu. Alikuwa akinificha kwa kuniita nimtungie uzi, kana kwamba ananipa heshima. Baada ya harusi ile alifunika cherehani kwa shuka na kuniambia kwamba anataka kupumzika kabla hajamvisha maiti shati la ndani nje. Na alikuwa na haki ya kupumzika, aliongeza, haki iliyoandikwa.

Hapo alikuwa anazungumzia Mfuko. Miaka kadhaa nyuma, ofisi inayotunza uzee wa wafanyakazi ilikuwa imefungua mlango kwa watu wanaojiajiri wenyewe. Ajenti alikuja sokoni na kipaza sauti, akatangaza kwamba uzee hauchagui mtu: unamkuta karani kwenye meza yake, unamkuta fundi kwenye cherehani yake. Mafundi wenzake walicheka. Walimuuliza mama mkubwa kama serikali iliyosahau barabara ya Kabambare itakumbuka mgongo wake. Yeye alijiandikisha siku hiyo hiyo, na tangu hapo hakukosa kulipia hata mwezi mmoja. Alilipia mwezi wa malaria, alilipia mwezi wa msiba wa mume wake. Kadi yake ya Mfuko aliihifadhi ndani ya Biblia, katikati ya kitabu cha Ayubu, na mimi sijui kama alichagua mahali pale au ukurasa ulijifungua wenyewe.

Basi nikawa mwandishi wa dosie yake, yaani faili la kuombea posho ya uzee. Nilikuwa nimerudi nyumbani kuandika riwaya, na katika ukoo wetu mtu anayeandika riwaya ni mtu asiye na kazi aliye na kalamu.

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye mabosi, na kwa huruma ya ofisi ikaongezewa neno moja juu kabisa: "wanaojitegemea". Mengine yote yaliachwa kama yalivyokuwa. Upande wa kushoto ajaze mfanyakazi, upande wa kulia ajaze mwajiri. Nilimuuliza karani wa Mfuko pale mjini tufanye nini, maana mama yangu huyu ni pande zote mbili. Karani alifikiri kwa haki, akasema ajaze zote mbili, lakini sahihi zisifanane, kwa kuwa makao makuu hawapendi mtu kujishuhudia mwenyewe. Kwa hiyo kushoto mama mkubwa aliandika jina lake, na kulia akatia dole gumba.

Kulikuwa na swali la kumhusu mwajiri: je, alimtunza mfanyakazi vizuri? Nilitaka kuandika ndiyo, tuendelee. Mama mkubwa alinizuia mkono.

"Andika hapana," akasema. "Alinitumikisha na homa. Hata Pasaka hakunipa."

Nikaandika hapana. Mwajiri akatia dole gumba.

Mwishoni walitaka barua ya mwajiri kumruhusu mfanyakazi aende kupumzika. Niliiandika usiku na mchana, kwa moyo wangu wote, labda ndizo kurasa nzuri kuliko zote nilizoandika mwaka ule. Nilitaja sare za watoto wa shule tatu, suti za maharusi, kanzu za Idi, nguo nyeupe za komunyo, sanda. Nilipomsomea, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akapangusa macho kwa ncha ya kitenge. Alisema kwamba kwa miaka yote ile, mwajiri wake hakuwahi kumwambia asante.

Tulipopeleka dosie, karani alituonya. Mkaguzi angekuja mara mbili, bila kutoa taarifa, kuhakikisha kwamba mama ameacha kazi kweli. Akimkuta anashona hata mara moja, dosie inafungwa, na uzee wake unaanza upya kuhesabiwa.

Mkaguzi akaja siku ya soko, saa nne asubuhi, kwa pikipiki kutoka upande wa Wamaza. Alikuwa kijana, mwembamba, na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Mama mkubwa alimpa maji, akayakataa. Wali na sombe ya majani ya muhogo akavikataa pia, akatoa mkate wake mwenyewe kwenye mkoba. Kiti alikikubali baada ya kukitazama kwa muda. Alieleza kwa upole kwamba kanuni mpya zinamkataza kupokea chochote kutoka kwa watu anaowakagua. Nilimtazama kwa mshangao. Miaka yote tulikuwa tunamwomba Mungu atuletee mtumishi mmoja wa serikali asiyekula, na Mungu, mwenye subira na utani wake, alikuwa amemtunza kwa ajili ya siku ile.

Tatizo lilikuwa suruali yake. Kwenye daraja moja la magogo ilikuwa imenaswa na mnyororo wa pikipiki, ikapasuka kutoka goti hadi kifundo cha mguu. Mama mkubwa hakuiona vizuri. Aliisikia. Kila mkaguzi alipopiga hatua kutazama cherehani iliyofunikwa, kitambaa kilipiga piga mguu wake kama bawa la kuku anayekufa, na kila kilipopiga nilimwona mama mkubwa akikunja vidole.

"Mutoto wangu," akasema mwishowe, "suruali yako iko inalia. Vua."

Na mkaguzi akavua. Nadhani alimtii mama yake mwenyewe, aliyekuwa mbali, kabla hajakumbuka kwamba yeye ni mkaguzi. Nilimpa nguo ya kwanza iliyokuwa karibu ajifunike, na ilikuwa sketi ile ya harusi, ambayo bibi harusi alikuwa ameirudisha tuifumue. Aliiweka mapajani chini juu, na kwa mara ya kwanza ndege wale wakapaa.

Nikamtungia mama mkubwa uzi. Sikufikiri, mkono ulizoea. Naye akashona kwa mkono, bila kutazama, macho yameelekea mlangoni na vidole vinatembea vyenyewe kwenye kitambaa kama watu wanaorudi nyumbani kwa njia wanayoijua gizani. Mkaguzi alikuwa amefungua daftari anaandika. Alikuwa ameshajaza tarehe na mahali. Alipofika kwenye neno "kazi" kalamu ikasimama. Akainua kichwa, akatazama mikono ya mama mkubwa, akatazama magoti yake yenye ndege.

"Mama," akasema polepole, "hii ni kazi."

"Si kazi. Nimekuomba kitu?"

"Kama hukuomba kitu, ni zawadi. Mimi zawadi sipokei."

"Basi lipa."

"Nikilipa, uko kazini."

Jirani yetu muuza mawese, aliyekuwa ameegemea mlango tangu pikipiki ilipozimwa, akampa ushauri kwamba aibe tu. Suruali ni yake, uzi ni mdogo, na wakubwa wake huko ofisini wangemwonyesha namna. Mkaguzi hakucheka. Alikuwa amefunga macho kama mtu anayesoma kanuni ukutani mwa kichwa chake, akitafuta kifungu kinachomruhusu kuvaa suruali yake. Nilimwonea huruma. Kisha nikakumbuka kadi iliyo ndani ya Ayubu, na miezi yote iliyolipwa, na bibi harusi aliyenyamaza, nikaona kwamba uzee mzima wa mama yangu umening'inia kwenye mshono wenye urefu wa mkono mmoja.

Mama mkubwa hakubishana. Alinyoosha mkono akaniomba wembe.

Akaanza kufumua. Alifumua tundu moja moja, kwa uangalifu uleule aliotumia kushona, ili kitambaa kisiumie. Nilikuwa nimemwona mama yule akishona sanda ya mume wake bila kutetemeka, lakini asubuhi ile kidevu kilimcheza. Hakuwahi kumruhusu mtu atoke mlangoni kwake akiwa amepasuka. Alipomaliza, aliuviringa uzi kwenye kidole, akauweka mfukoni, akampa mkaguzi suruali yake kama alivyokuja nayo. Yule kijana aliivaa akiwa ametugeuzia mgongo. Kalamu yake ilisita kidogo tena. Nafikiri alikuwa anajiuliza kama kufumua nako ni kazi. Kanuni inaonekana hazikusema. Akaandika kwamba mama hakukutwa kazini, akasaini, akaenda zake.

Njia ya kwenda kwenye pikipiki ilipita katikati ya soko. Soko zima liliona: mtu wa serikali ametoka nyumbani kwa fundi na mguu wazi. Habari ilitangulia kufika Nyangwe, kule mtoni, kabla ya mitumbwi ya adhuhuri. Walisema fundi amekwisha, kwamba hata suruali ya mkubwa ameshindwa nayo. Wiki ile wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa walivyokuwa wameviacha kwa matumaini kwamba atabadili mawazo. Waliongea kwa sauti ndogo, wakamuuliza habari za usingizi. Mama mkubwa alikuwa ametaka kupumzika. Sasa alikuwa amepumzishwa, na alikaa barazani akisikiliza cherehani za watu wengine. Jina la fundi, alilokuwa akiitwa na wakubwa na wadogo, hakuna tena aliyemwita. Wakaanza kumwita nyanya, kama bibi kizee yeyote.

Mkaguzi alirudi baada ya miezi miwili kwa ziara ya pili. Akakataa maji, akakubali kiti. Suruali ilikuwa ileile. Alikuwa ameufunga mpasuko wake kwa vibanio vya karatasi vya ofisi, vimepangwa mstari mmoja kutoka goti hadi chini, vingine vimeshaota kutu. Alifungua daftari akauliza swali lililoandikwa, kwa maneno yaleyale yaliyoandikwa: je, mwanachama bado anafanya kazi?

Mama mkubwa aliinama, akapapasa mguu wa suruali. Kidole chake kilipita juu ya vibanio kimoja kimoja, hadi cha mwisho.

"Kama ningekuwa bado nafanya kazi," akasema, "ungevaa hii?"

Mkaguzi akaandika jibu lile neno kwa neno, na ndiyo sentensi pekee ya mama mkubwa katika dosie nzima ambayo sikuiandika mimi.

Barua ya Mfuko ilifika mwanzo wa mvua. Dosie ilikuwa imekubaliwa. Nilimsomea barazani, na ilinibidi nisome taratibu, maana ilikuwa imeandikwa kwa mwajiri, ikimpongeza na kumwomba amjulishe mfanyakazi wake kwamba posho yake ya uzee itaanza mwezi ujao. Mama mkubwa alisikiliza hadi mwisho. Akaomba barua, akaupapasa muhuri, akaikunja, akaikunjua tena, akanirudishia.

"Vizuri," akasema, na akakaa sawa kwenye kiti. "Sasa isome kwa mfanyakazi."