Simama Majanini, Mwenye Mzigo Apite

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipokuwa binti mdogo, tukipanda kutoka chemchemi na ndoo vichwani. Wakati huo kijijini kwetu, huku juu Newala, hakukuwa na bomba. Maji yalikuwa bondeni, na njia ilikuwa moja tu, ile inayokatisha msitu wenye makaburi ya wazee wetu. Msitu ulikuwa wa serikali. Sisi tulipita, watu wa bondeni walipita, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake atoke.

Njia ile ilikuwa na adabu yake: asiye na mzigo husogea pembeni. Asubuhi hiyo mjomba wangu Rashidi, mkuu wa ukoo, alikuwa anateremka mikono mitupu. Mbele yetu alikuwapo mama mmoja wa bondeni aliyejitwika mihogo. Mjomba hakumpisha. Bibi yangu, aliyemzaa mjomba huyo, akamwita kwa sauti ya kawaida tu.

"Rashidi, umebeba nini?"

Mjomba akajibu hakubeba kitu.

"Basi simama majanini."

Akasimama, mkuu mzima wa ukoo, mbegu za nyasi zikimganda kwenye kanzu. Tulipita mmoja mmoja tukijiuma midomo tusicheke.

Sasa sikiliza. Miaka hii serikali imeurudisha msitu ule kwa kijiji, na kijiji kikaukabidhi kwa ukoo wetu tuutunze. Tulifurahi hadi wazee wakalia. Lakini kabla shangwe haijapoa, mpwa wangu Hamisi, mwenyekiti wa kamati, akaitisha kikao. Alitaka lango pale njia inapoanzia, na watu wa bondeni wapite kwa ruhusa. Nguzo zilikwisha kukatwa.

Hamisi si mtu mbaya. Alisema tulizuiwa kukata hata ufito kwenye msitu wa babu zetu, na leo ni wetu. Watu wakapiga makofi. Nami moyo wangu uliona ana haki, siwezi kukudanganya.

Ila eda yangu ilikuwa imekwisha juzijuzi tu, na bado nilikuwa nikiandaa chai ya watu wawili. Nikakumbuka siku ya mazishi ya mzee wangu. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Waliofika ni watani wetu wa bondeni, ambao kwa desturi ndio wanaotuzika, na sisi huwazika wao. Walipanda njia ile kwenye utelezi, majembe mabegani. Mtani wetu Bakari alishuka kaburini kupima, akalala chali, akasema, "Marehemu alikuwa mrefu wa maneno tu. Hapa panamtosha." Nilicheka, mwanangu. Siku ile ya kilio changu, Bakari alinichekesha, nami nikapata pumzi.

Basi nikasimama. Sijazoea kusema mbele za watu.

"Baba Zuhura," nikamwambia Hamisi, kwa heshima, kwa jina la binti yake, "nani alimchimbia kaburi mume wangu?"

Akainamisha kichwa. Akasema ni Bakari na wenzake.

"Walipita wapi?"

Akasema ni kwa njia ileile. Nikasema wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Na wachimba kaburi je, kifo kimekwisha? Miaka yote tulibeba uchungu wa msitu huu. Leo tumeutua, mikono yetu mitupu. Mwenye mikono mitupu husimama majanini.

Mzee mmoja nyuma akacheka peke yake; alimkumbuka mjomba Rashidi na kanzu yake. Hamisi akauliza, na wakataji miti tuwafanyeje? Swali zuri. Tukakubaliana wote: miguu ipite, shoka lisipite.

Zile nguzo hazikupotea. Hamisi mwenyewe alizichimbia pale penye utelezi, akafunga fito, zikawa za kushikilia wanaopanda. Siku ya sherehe ya kuupokea msitu, Bakari ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzishika. Alifika juu akihema, akasema mbele ya wageni wote, "Nasikia mlitaka kunifungia. Mngefia huku mkaoza, wachoyo nyie." Watu walicheka, vigelegele vikaitikiwa mpaka bondeni. Nyuma yake walikuja wanawake na vikapu vya mihogo, na Hamisi, aliyekuwa akishuka kuwalaki, akaingia majanini na shati lake jipya. Hakuna aliyemwambia apishe.

Mwanangu, chako kikirudi, kipokee kwa mikono miwili, ukilinde. Lakini usianze umiliki wako kwa kufunga njia. Mtu ni watu, na watu huja kwa njia. Atakayekubeba siku ya mwisho huenda leo anapita shambani kwako na kikapu kichwani.

Mungu akupe ardhi, akupe na wapitaji. Njia ya kwako isiote nyasi.